Silaha za chura, nyuki na nyani: kosa ni kumtafuta bingwa

Koo za bakteria zilikuwa 24, za aina mbili, E. coli na Pseudomonas fluorescens. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walizitilia kiasi kidogo cha peksiganani, dawa iliyotengenezwa kwa kuiga kinga ya ngozi ya chura wa Afrika, wakaiongeza hatua kwa hatua huku bakteria wakiendelea kuzaana. Baada ya vizazi kati ya 600 na 700, koo 22 zilikuwa zinaishi vizuri ndani ya dozi ambayo ingewaua wale wa mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Mmoja wa waandishi watatu alikuwa Michael Zasloff, mtu yuleyule aliyeigundua kinga hiyo ya chura na ambaye mwaka 2002 aliandika katika jarida la Nature kwamba ni vigumu sana bakteria kujenga usugu dhidi ya silaha za namna hii. Mwanabaiolojia Graham Bell alimpinga, wakakubaliana kupima, na Zasloff akatia jina lake kwenye ushahidi uliomwangusha.

Ubishi huo haukuwa wa wasomi peke yao. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na mzigo mkubwa kuliko wote kwa uwiano wa idadi ya watu ulikuwa Afrika Kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi. Dawa za zamani zinachoka, mpya zinatoka kwa kusuasua. Ndiyo maana kwa takriban miaka 40 maabara za dunia zimekuwa zikikamua ngozi za vyura, damu za mamba na sumu za nyuki, zikizipanga peptidi zao katika orodha na kuuliza ni mnyama gani mwenye silaha kali kuliko wenzake. Ushahidi uliokusanywa tangu hapo unaonyesha kwamba swali lenyewe limekosewa. Faida ya kuwalinganisha wanyama haiko katika kumpata bingwa. Iko katika kuona jinsi kila mmoja anavyoitumia silaha yake, mahali gani, kwa muda gani, na pamoja na zipi nyingine.

Birika la Bethesda

Miaka ya 1980 Zasloff alikuwa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Bethesda, jimboni Maryland, akitumia mayai ya chura wa kucha, Xenopus laevis. Chura huyu ni mzaliwa wa kusini mwa Afrika, na tangu miaka ya 1930 alikuwa akisafirishwa ng'ambo kwa ajili ya vipimo vya mimba. Alipasuliwa tumbo, akatolewa mayai, akashonwa na kurudishwa kwenye maji yaliyojaa vijidudu. Kwa kanuni za upasuaji kidonda kilipaswa kuoza, lakini kilipona bila usaha. Mwaka 1987 Zasloff alitangaza kwamba ngozi ya chura hutoa peptidi mbili alizoziita magainini, kila moja ikiwa mnyororo wa asidi amino 23 tu. Hakuwa wa kwanza katika uwanja huu. Huko Stockholm, Hans Boman na wenzake walikuwa wameshazieleza sekropini za nondo mkubwa wa Marekani Kaskazini mwaka 1981, na Los Angeles kundi la Robert Lehrer lilikuwa limezieleza difensini za chembe nyeupe za damu ya binadamu mwaka 1985. Lakini chura ndiye aliyewavutia wenye mitaji, na kampuni ikafunguliwa.

Kazi ya silaha hizi si ngumu kuielewa. Peptidi ni kipande kifupi cha protini, na nyingi za kinga zina chaji chanya, upande mmoja ukipenda maji na wa pili ukipenda mafuta. Uso wa bakteria una chaji hasi. Uso wa nje wa seli zetu kwa sehemu kubwa hauna chaji, na tena umeimarishwa na kolesteroli. Basi peptidi humvamia bakteria, ikajilaza juu ya utando wake na kuutoboa. Hapo ndipo Zasloff alipojenga imani yake: ili kuikwepa, bakteria angelazimika kubadili mjengo wa utando mzima, jambo zito kuliko kutengeneza kimeng'enya kimoja cha kuivunja penisilini. Hoja ilikuwa na mantiki. Tatizo lake ni kwamba bakteria anaweza kubadili utando kidogo tu na ikamtosha.

Sura moja, tabia mbalimbali

Hifadhi ya takwimu ya Chuo Kikuu cha Nebraska ina peptidi za namna hii zaidi ya 3,000, nyingi zikiwa za wanyama. Ukizipanga pamoja, cha kwanza unachokigundua ni kwamba umbo halitabiri tabia. Melitini ya sumu ya nyuki ina asidi amino 26, magainini 23, na zote hujikunja kama springi zikigusa utando. Lakini melitini hupasua chembe nyekundu za damu ya binadamu kwa wepesi, na magainini huziacha salama katika dozi inayoua bakteria. Sababu unaiona ukitazama kazi yenyewe: nyuki anamdunga adui aliye hai ili aumie, ilhali chura anaipaka ngozi yake mwenyewe. Anayepima ukali bila kuuliza kazi atampa nyuki ushindi, kisha atashangaa mgonjwa wake anapopoteza damu.

Nyuki huyohuyo, ndani ya mwili wake, ana peptidi nyingine kabisa, apidaesini, ya asidi amino 18. Hii haitoboi kitu. Hupitia mlango wa protini ambao bakteria ameuweka kwa shughuli zake mwenyewe, ikaingia ndani na kuziba ribosomu, mtambo wa kutengenezea protini. Ng'ombe naye ana Bac7 katika chembe zake nyeupe, ndefu zaidi, nayo hupita mlango uleule na kuziba mtambo uleule. Nyuki na ng'ombe hawakuirithi mbinu hii kwa babu mmoja. Kila ukoo uliifikia kivyake. Hapo ulinganisho unalipa, kwa sababu mbinu iliyobuniwa mara mbili na viumbe walio mbali hivyo ni dalili kwamba bakteria ana udhaifu wa kudumu mahali hapo. Ni taarifa yenye thamani kuliko jedwali lolote la nani kaua wangapi.

Ulinganisho una mitego pia, na mmoja unachekesha. Mwaka 1989 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba wamepata sekropini ndani ya utumbo wa nguruwe, wakaiita sekropini P1, na kwa zaidi ya miaka kumi vitabu vilieleza kwa furaha kwamba nondo na nguruwe wana silaha moja. Mwaka 2003 ikabainika kwamba haikuwa ya nguruwe. Ilikuwa ya minyoo aina ya Ascaris waliokuwa wakiishi ndani ya utumbo ule na kujilinda dhidi ya bakteria wanaowazunguka. Minyoo wa jamii hiyo wanaoishi ndani ya binadamu nao wanayo. Nguruwe alikuwa mwenye nyumba tu.

Na si kila silaha imelengwa kwa bakteria. Mbung'o wa aina ya Glossina morsitans, mmoja wa wanaoeneza vimelea vya malale na nagana, ana peptidi iitwayo atasini. Watafiti walipoizima, vimelea vya tripanosoma viliweza kujikita ndani ya mbung'o kwa urahisi zaidi. Kwa maneno mengine, mdudu tunayemlaumu kwa ugonjwa huu hupambana nao kila anapokunywa damu yenye vimelea, na mara nyingi hushinda. Sato wa maji yetu, ambaye watafiti wa Taiwan walieleza peptidi zake tano za kundi la piscidini mwaka 2012, ni mfano mwingine: tano hizo ni ndugu wa damu, lakini nguvu zao dhidi ya bakteria zinatofautiana sana.

> Nyani wa mbugani ana peptidi ya duara. Binadamu anazo jeni zake, lakini zimekufa.

Tulichokipoteza na tulichobakiwa nacho

Mwaka 1999 timu ya Marekani ilieleza kitu kisichokuwa na mfano katika mwili wa mnyama: difensini iliyofungwa kuwa duara kamili, ya asidi amino 18, katika chembe nyeupe za nyani wa Asia aitwaye rhesus. Nusu yake hutoka kwenye jeni moja na nusu kwenye jeni nyingine, kisha mwili huziunga ncha kwa ncha. Baadaye zilipatikana pia kwa nyani wa Papio anubis, huyuhuyu anayevamia mashamba ya mahindi Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Binadamu, sokwe na sokwe-mtu wanazo jeni hizo, lakini kila moja ina alama ya kusimama iliyojipenyeza mapema, hivyo protini haimaliziki kutengenezwa. Mwaka 2002 watafiti waliisoma jeni ya binadamu kana kwamba alama hiyo haipo, wakaitengeneza peptidi maabara, nayo ikaonyesha uwezo wa kuzuia virusi vya UKIMWI visiingie kwenye seli.

Mtu anaweza kuuliza, je, hiyo si hoja ya kumtawaza nyani bingwa? Hapana, kwa sababu ukoo wetu uliishi bila silaha hiyo kwa mamilioni ya miaka na haukutoweka. Una nyingine. Binadamu ana peptidi moja tu ya kundi la kathelisidini, LL-37, wakati nguruwe ana takriban kumi. Lakini hiyo moja tumeiwekea swichi ya vitamini D, na swichi hiyo wanayo binadamu na jamaa zake wa karibu tu. Panya hana. Mwaka 2006 watafiti wa Los Angeles walionyesha kwamba seli za kinga za binadamu zikipata vitamini D ya kutosha huongeza LL-37 na kudhibiti bakteria wa kifua kikuu. Anayetaka kuelewa jambo hili kwa kumtumia panya atapotea njia kabla hajaanza safari. Hata hivyo ufanisi wa maabara haukuwa kinga mitaani: jaribio kubwa la Mongolia, lililohusisha watoto zaidi ya 8,000 na kuchapishwa mwaka 2020, halikukuta kwamba vidonge vya vitamini D vinawakinga dhidi ya maambukizi ya kifua kikuu.

Mizani ya maabara

Kipimo kinachotumika zaidi kulinganisha peptidi ni kiasi kidogo kabisa kinachozuia bakteria kukua ndani ya mchuzi wa maabara. Ni kipimo rahisi na kila mtu anakifahamu. Lakini ni sawa na kuajiri fundi kwa kupima uzito wa nyundo yake. LL-37 ni dhaifu katika mchuzi wenye chumvi na protini za damu, na kwa jedwali hilo ingewekwa mkiani. Mwilini, hata hivyo, inafanya kazi ambazo mchuzi hauzioni: huita chembe nyeupe, hutuliza sumu za bakteria waliokufa, husaidia kidonda kufunga. Difensini nyingi nazo hulegea chumvi ikiongezeka. Vichwa vya habari kuhusu joka wa Komodo au mnyama mwingine wa kutisha "anayeua vijidudu sugu" karibu vyote vimejengwa juu ya mizani hii.

Gharama ya kuiamini imeonekana hospitalini. Peksiganani ilipelekwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani kama krimu ya vidonda vya miguu vya wenye kisukari, ikakataliwa mwaka 1999 kwa kuwa haikuonekana kuzidi tiba iliyokuwepo. Kampuni nyingine ikaifufua, na mwaka 2016 ikaanguka tena. Dawa iliyoanzia kwenye peptidi ya nguruwe, protegrini, ikabadilishwa kuwa murepavadini, ilisimamishwa mwaka 2019 ikiwa katika hatua ya mwisho ya majaribio kwa sababu figo za wagonjwa ziliathirika. Peptidi zinazotegemewa wodini leo, kolistini na daptomaisini, zilitoka kwa bakteria wa udongoni. Hazikutoka kwa mnyama.

Kwa nini chura afanikiwe na kampuni ishindwe? Jibu lilikuwa kwenye ngozi tangu mwanzo. Chura wa kucha hatoi magainini peke yake. Hutoa mchanganyiko, na mojawapo ya peptidi zilizomo, PGLa, ikiungana na magainini ya pili huua kwa nguvu inayozidi jumla ya zote mbili zikiwa peke yake. Tena hutolewa ghafla, pale ngozi inapoumia au chura anaposhtuka, kisha huvunjwa. Kampuni ilichukua moja, ikairekebisha, ikaipaka kila siku. Ilichukua silaha ikaacha mbinu ya vita.

Nzi wa matunda wanatoa ushahidi wa upande mwingine. Mwaka 2023 Mark Hanson, Bruno Lemaitre na wenzao walieleza katika jarida la Science kwamba nzi hawa wana dipterisini mbili zinazofanana sana, lakini moja ni muhimu dhidi ya bakteria mmoja, Providencia rettgeri, na ya pili dhidi ya Acetobacter, bakteria wa matunda yaliyochacha. Spishi za nzi zilizoacha kula matunda zimeipoteza hiyo ya pili. Peptidi, basi, si bunduki ya kumpiga kila adui. Ni jibu kwa adui maalumu wa mahali maalumu, na mahali hapo pakibadilika, mwili unaiacha.

> Chura hutumia nyingi, mahali padogo, kwa dakika chache. Sisi tunataka kutumia moja, kila mahali, mwaka mzima.

Somo la kolistini

Wanaotetea peptidi za wanyama wana pingamizi la haki. Wanasema: wanyama wamezitumia kwa mamilioni ya miaka na bado zinafanya kazi, kwa hiyo usugu si tishio. Tena majaribio, yakiwemo ya Jens Rolff na wenzake Berlin, yanaonyesha kwamba usugu dhidi ya peptidi hujengeka kwa shida zaidi kuliko ule wa viuavijasumu vya kawaida. Hayo ni kweli, na yanastahili uzito. Lakini kilichodumu mamilioni ya miaka ni mchanganyiko unaotolewa kwa kiasi, mahali padogo, na kubadilika pamoja na adui. Hakuna mnyama aliyewahi kumwaga tani za peptidi moja kwenye chakula cha mamilioni ya wenzake. Binadamu ndiye aliyefanya hivyo, na matokeo tunayo.

China ilikuwa ikitia kolistini kwenye chakula cha nguruwe ili wanenepe haraka. Novemba 2015 watafiti walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayowapa bakteria usugu dhidi ya kolistini na kuruka kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Mwaka 2017 China ikapiga marufuku matumizi hayo. Kolistini nayo ni peptidi yenye chaji chanya inayoshambulia utando, na hapo ndipo penye hatari halisi. Mwaka 2023 kundi la Craig MacLean wa Oxford lilionyesha kwamba E. coli wenye mcr-1 hawaikwepi kolistini tu. Wanastahimili vizuri zaidi peptidi za kinga za kuku, za nguruwe na za binadamu, na wanaishi muda mrefu zaidi ndani ya majimaji ya damu yetu. Mapema zaidi, mwaka 2012, watafiti wa Uingereza walikuwa wameshaonyesha kwamba Staphylococcus aureus aliyezoeshwa peksiganani ya chura anaanza kuistahimili difensini ya binadamu. Viuavijasumu vya kawaida vikishindwa, tunapoteza dawa. Peptidi zikitumiwa vibaya, tunaweza kumfundisha adui kuipita kinga tuliyozaliwa nayo.

Jambo hili linatuhusu moja kwa moja. Peptidi za wadudu zinapendekezwa kuwa mbadala wa viuavijasumu katika chakula cha mifugo, na nchi zetu ziko katikati ya biashara hiyo. Yule nzi mweusi, Hermetia illucens, ambaye funza wake wanafugwa kulisha kuku na samaki na ambaye taasisi ya icipe ya Nairobi imemfanyia utafiti mwingi, ana jeni za peptidi hizi zaidi ya 50, miongoni mwa idadi kubwa kabisa zinazojulikana kwa mdudu. Ni lazima: anakulia kwenye uchafu. Kumlisha kuku funza mzima, mwenye mchanganyiko wake wote ambao tumbo la kuku litaumeng'enya, sioni ubaya. Kuchuja peptidi moja kiwandani na kuiuza kwa kilo madukani, mfugaji akiimwaga kila siku kuanzia kifaranga hadi sokoni, ni kurudia kosa la kolistini kwa jina jipya. Wauzaji watasema peptidi huvunjika haraka na haibaki kwenye nyama. Huenda ni sawa, lakini usugu haujengwi kwenye nyama. Hujengwa ndani ya utumbo wa kuku na kwenye mbolea yake, kabla nyama haijafika buchani.

Kompyuta haioni ngozi

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wenye kompyuta. César de la Fuente na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wametumia akili bandia kupekua vinasaba vya viumbe waliokwisha kutoweka, wakapata peptidi za mamothi na wengineo, wakazitengeneza na kuzijaribu kwa panya, na baadhi zikafanya kazi. Kama mashine inaweza kufufua silaha za mamothi, kuna haja gani ya kuhangaika na chura aliye hai? Haja ni kwamba kinasaba kinakupa mnyororo wa herufi. Hakikuambii peptidi hutoka tezi gani, saa ngapi, ikiandamana na ipi, wala bakteria gani wazuri huachwa waishi. Kama hoja niliyoitoa ina uzito, hayo ndiyo tunayoyahitaji zaidi, nayo husomwa kwa mnyama aliye hai mahali pake.

Tanzania inajua gharama ya kumpoteza mnyama wa namna hiyo. Chura wa Kihansi, mwenye urefu wa takriban sentimita mbili na anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu. Mwaka 2000 bwawa la umeme lilipunguza maji, miaka michache baadaye kuvu wa ngozi anayeangamiza vyura duniani akaonekana miongoni mwao, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini. Amebaki kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama za Marekani, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Ngozi za baadhi ya vyura hutoa peptidi zinazomzuia kuvu huyo, na za wengine haziwezi. Swali la nani anaweza na kwa nini haliwezi kujibiwa kwa spishi zisizokuwepo.

Kwa hiyo mamlaka zinazosajili dawa na vyakula vya mifugo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ziweke sharti moja sasa, kabla bidhaa hazijajaa madukani: peptidi yoyote isisajiliwe kwa ajili ya mifugo mpaka mwombaji aonyeshe, kwa majaribio ya mamia ya vizazi kama yale ya Montreal, kwamba bakteria waliozoea bidhaa yake bado wanauawa na peptidi za kuku na za binadamu. Vifaa vya jaribio hilo ni vya kawaida, na maabara za vyuo vikuu vyetu zinaweza kulifanya.